Unene wa Mstari

Rula aliogopa vitu viwili duniani: chai karibu na ramani, na simu ya dada yake siku ya Jumatatu. Chai aliiweza. Alibandika karatasi mlangoni pa chumba cha uchoraji, "Vikombe vibaki nje," na kwa miaka ishirini na tisa hata mkuu wa kitengo aliacha kikombe chake juu ya kabati la koridoni, kama mtu anayevua viatu kabla ya kuingia. Simu ya Jumatatu haikuwa na dawa.

Jumatatu ndiyo siku pekee dirisha la vibali vya ujenzi lilipofunguliwa. Dada yake alishuka kutoka kilimani alfajiri, akapanga foleni, akauliza swali lile lile, akapewa jibu lile lile, kisha akampigia mdogo wake.

"Wamekataa tena."

"Pole, Dada."

"Pole ya nini? Si unakaa nao jengo moja? Hebu waulize ukuta wangu umewakosea nini."

"Nitawauliza."

Hakuwauliza hata mara moja. Angeuliza nini, na jibu alikuwa nalo mwenyewe, limelala kwenye droo ya tatu ya kabati la chuma, umbali wa mkono kutoka kiti chake?

Jina la Rula alilipata kazini. Alitembea na rula ya chuma kwenye mfuko wa shati, na picha za harusi yake zipo, rula inachungulia nyuma ya ua la bwana harusi. Mkewe alikuwa amefariki, watoto walikuwa na miji yao, na yeye alibaki na nyumba ya sebule moja na chumba kimoja, safi kama karatasi ambayo haijachorwa. Lakini kabla ya kuitwa Rula, kabla ya shule ya uchoraji na ajira ya ofisi ya mipango ya ardhi, alikuwa mtoto wa miaka tisa aliyefiwa na mama, akalelewa na dada wa miaka kumi na sita mwenye cherehani moja.

Dada alishona sare za shule. Usiku wa shida na mchana wa shida, yeye alishona sare. Mstari wa kwanza maishani mwake Rula aliuchora kwa chaki ya fundi, juu ya kitambaa cha bluu, dada amemshika mkono. "Ichonge kwanza," dada alimwambia. "Chaki butu inakula nguo ya mtu." Akamwonyesha jinsi ya kuichonga kwa wembe mpaka ikawa na makali. Mengine yote aliyofundishwa baadaye shuleni, kwa majina makubwa na mitihani, yalikuwa nyongeza tu.

Sasa tuje kwenye upepo.

Nchi ilikuwa na giza la kutosha kugawia majirani. Viwanda vilifanya kazi kwa zamu, na daktari wa meno alimwambia mgonjwa afumbe mdomo, wangoje umeme urudi. Wataalamu wakapanda kwenye mgongo wa kilima ule, ule ambako dada alikuwa amejenga nyumba kwa nguvu zake, wakapima upepo, wakashuka wakitabasamu. Ukaandikwa Mpango Mkuu wa Upepo. Ukasema ardhi ile itengwe mapema, asijenge mtu, ili siku mitambo itakapoletwa isikute nyumba mpya imekaa njiani. Mitambo yenyewe watu wa kilimani waliiita feni kabla hawajaiona hata moja.

Wazo halikuwa baya, na Rula aliliamini kwa moyo wake wote. Shida ya watu wa mipango ni kutandika kitanda kabla ya kuuliza mgeni atafika lini. Ardhi ilitengwa na wizara moja. Nguzo na nyaya za kuushusha umeme kutoka kilimani zilikuwa za wizara nyingine, na wizara ile ilikuwa imeziweka awamu ya pili. Kwa hiyo ukasimikwa mlingoti mmoja wa kupimia, na kwa miaka minane mlingoti ule ukapima upepo uliokuwa ukipita zake bila kuwasha hata taa ya chooni.

Kosa lilifanyika Alhamisi moja, mwanzoni kabisa. Rula alikuwa ameuchora mpaka wa eneo kwa penseli, kwenye karatasi kubwa kumi na mbili, mstari mwembamba wa kazi ya siku arobaini. Mkuu wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, akaingia mbio. Ramani ilitakiwa Ijumaa, itoke kwenye Gazeti la Serikali, ukurasa mmoja tu.

"Karatasi kumi na mbili ziwe moja?" Rula aliuliza.

"Ipunguze. Na mstari uwe mwekundu, uonekane. Sitaki Mheshimiwa aanze kutafuta miwani."

Rula akaipunguza. Kupunguza ramani si dhambi. Dhambi ni kupunguza ardhi na kusahau kupunguza kalamu. Kwenye ukurasa ule, milimita moja ya karatasi ilibeba robo kilomita ya ardhi, na kalamu nyekundu aliyoishika ilikuwa ya milimita mbili. Aliuzungusha mpaka taratibu, bila kutetemeka, akaupuliza ukauke, akaenda nyumbani akiwa ameridhika. Kumbe nusu kilomita ya watu ilikuwa chini ya wino.

Walikuwa nyumba arobaini na moja. Ya dada ilikuwa mojawapo.

Wathamini wa fidia walipopanda, walifungua Gazeti wakamwambia dada, "Mama, sisi tunaandika walio ndani ya mstari. Nyumba yako haimo ndani. Iko kwenye mstari."

"Basi niko nje, niendelee na maisha yangu?"

"Hilo waulize watu wa vibali."

Watu wa vibali nao walifungua Gazeti lile lile. "Walio nje wanaruhusiwa kujenga. Wewe si wa nje, mama. Uko kwenye mstari."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakulijua dirisha la vibali. Nyumba ya dada ilikuwa na ufa ukutani upande wa nyuma, uliopitisha mkono wa mtu mzima, na ufa ule haukuruhusiwa kuzibwa wala ukuta haukuruhusiwa kujengwa. Dada akaujaza vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye sare: bluu, kijani, hudhurungi. Wageni walidhani ni urembo. Upepo ulipovuma sana, upepo ule ule wenye mpango wake, vitambaa vilitoka kimoja kimoja vikaanguka juu ya cherehani.

Jirani yake, Msagaji, mwenye mashine ya unga, alikuwa na tofali alizozipanga uani wiki moja kabla ya Gazeti kutoka. Zilikaa miaka minane. Nyasi zilipita katikati, mijusi ikazaa humo mpaka wajukuu. Kijana wake mkubwa aliambiwa na wakwe ajenge kwanza ndipo aoe. Alingoja, wakwe wakangoja, binti hakungoja.

Na Rula alinyamaza. Wiki za mwanzo alinyamaza kwa aibu, mwaka wa kwanza kwa hofu ya kazi. Baadaye sababu ikawa nyingine, nayo ilimkaba vizuri zaidi: mchoraji anayejitokeza kusema mpaka urekebishwe, na dada yake mwenyewe anaishi hapo hapo, ni nani atakayemsikiliza? Watasema damu ni nzito kuliko maji, na wino nao ni maji. Ukweli ukitoka mdomoni mwake ungenuka undugu. Kwa hiyo akajipa moyo kwamba siku atakayostaafu, akiwa hana cha kupoteza, atasema, na dada atakuwa huru. Alilala nayo ahadi hiyo kama mto.

Ilibaki miezi mitano astaafu ndipo nyaya zikapitishwa. Awamu ya pili ilifika kweli, na watoa mkopo wa mitambo wakataka mipaka yote ihakikiwe. Mkuu wa kitengo wa sasa, mwanamume mwenye adabu na tumbo la wasiwasi, alimwekea Rula fomu mezani siku ya Jumatatu. Chini kabisa iliandikwa: "Mimi niliyechora nathibitisha kuwa mpaka uliotangazwa ni sahihi."

"Ijumaa iwe tayari," mkuu alisema. "Ukishasaini, mpaka unafungwa miaka ishirini na mitano. Hakuna tena kurudi rudi."

Miaka ishirini na mitano. Dada alikuwa na miaka sitini na sita. Simu ikalia mfukoni, na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, Rula hakuhitaji kutazama ni nani.

Kesho yake, wenzake walipokwenda kula, alifungua droo ya tatu. Karatasi zilikuwa zimejikunja kwa miaka, ikabidi azikandamize kwa vitabu. Akatoa rula ya chuma na kioo cha kukuzia, akaanza kuhesabu nyumba moja moja, akiutazama mstari wa penseli unavyopita. Ya kwanza nje. Ya pili nje. Ya Msagaji nje, mbali kabisa. Alipofika ya ishirini alijikuta anapiga mluzi. Ya thelathini na tisa, nje. Ya arobaini ilikuwa gofu, wenyewe walishahama, ilikuwa ndani. Ya arobaini na moja ilikuwa ya dada.

Mstari wa penseli ulipita uani kwa dada, katikati ya ukuta wa nyuma na bomba la maji. Bomba lilikuwa nje. Nyumba ilikuwa ndani, mita kumi na moja.

Akapima tena. Akaazima rula ya plastiki ya meza ya pili, akapima mara ya tatu. Rula haina undugu. Miaka minane alikuwa akiamini kwamba ameficha uhuru wa dada yake kwenye droo, kumbe alikuwa ameficha barua ya kumhamisha.

Mita kumi na moja, kwenye karatasi ile, ni milimita mbili na kitu. Ni penseli. Kifutio kilikuwa hapo mezani, na chumbani hapakuwa na mtu. Jasho likamtoka Rula mpaka likadondoka karibu na ramani, yeye aliyewakataza watu chai. Alikitazama kile kifutio muda mrefu. Kisha akakichukua, akatoka nacho koridoni, akakiweka juu ya kabati pamoja na vikombe, akarudi akafunga mlango.

Alikuwa amenaswa barabara, na mtego alikuwa ameufuma mwenyewe. Akisaini, nyumba arobaini na moja zinabaki chini ya wino, na dada anafia kwenye ufa. Akisema, thelathini na tisa wanapumua, na dada anang'olewa kwenye nyumba aliyoijenga kwa sare za watoto wa watu.

Jumatano jioni alipanda kilimani. Dada alikuwa akishona, akasogeza marundo ya sare kumpisha kiti.

"Umekuja siku isiyo ya sikukuu," dada alisema. "Nani amekufa?"

Rula akamwambia yote, kuanzia kalamu ya milimita mbili. Dada hakukatisha mshono. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akafika mwisho wa mguu wa suruali, akakata uzi kwa meno, ndipo akamtazama.

"Miaka minane nimekuwa nikikupigia simu wewe."

"Ndiyo, Dada."

"Nilikufundisha nini kuhusu chaki?"

Mzee wa miaka sitini kasoro akainamisha kichwa. "Niichonge."

"Kwa nini?"

"Chaki butu inakula nguo ya mtu."

"Imekula watu, hii." Akanyanyuka. "Haya, nionyeshe. Huo wako mwembamba unapita wapi?"

Wakatoka uani. Rula akapiga hatua kutoka kona ya nyumba, akasimama, akachora chini kwa kisigino. Dada akavuka alama ile, akaenda kusimama kwenye bomba.

"Hapa niko huru?"

"Hapo uko huru."

"Kumbe miaka yote nilikuwa naoga ndani na kuchota maji uhuruni." Hakucheka. Aliitazama nyumba yake kutoka pale, ufa na vitambaa vyake vya rangi, kama anayeangalia nguo ya mteja asiyemjua. Ng'ambo, Msagaji alikuwa akifyeka nyasi juu ya tofali zake, akawapungia mkono.

"Naweza kusaini tu, Dada," Rula alisema kwa sauti ya chini. "Mambo yabaki yalivyo. Ukae kwako. Sema wewe. Ukisema nisaini, nasaini."

Alikuwa akimwomba, na wote wawili walilijua hilo. Dada alifungua bomba, akanawa mikono polepole, akalifunga.

"Hapana. Usinitwike. Siku unachora hukuja kuniuliza, leo unataka saini iwe yako na lawama iwe yangu. Kakae na kalamu yako mwenyewe." Akarudi ndani kwenye sare zake.

Ijumaa asubuhi Rula aliingia kwa mkuu bila fomu. Alikuwa na hati ya kiapo, kurasa mbili, na karatasi kumi na mbili zimekunjwa chini ya kwapa. Mkuu alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena.

"Unajua unachonifanyia? Watoa mkopo wako mlangoni. Na dada yako, kila mtu humu anajua anaishi huko. Watasema umemsogezea mpaka."

"Soma ukurasa wa pili."

Mkuu akasoma ukurasa wa pili. Akavua miwani. "Umemweka ndani."

"Sikumweka. Yumo."

Mkuu aliuvuta muhuri karibu yake. "Ungekuwa umemtoa, ningeichana hapa hapa," alisema mwishowe. "Hii wataiamini. Mtu hajifanyii hivi kwa uongo." Akagonga muhuri. Rula aliusikia ule muhuri kifuani. Kilichokubalika pale mezani hakikuwa penseli yake wala siku zake arobaini. Ilikuwa nyumba ya dada.

Mambo mengine yalikwenda upesi, kama yanavyokwenda ya kumbana mtu. Rula alipewa barua ya onyo, akaondolewa chumba cha uchoraji, miezi yake mitano akaimalizia stoo akiandikisha viti vibovu. Gazeti jipya lilitoka na mpaka mwembamba na namba za kila kona. Wiki ile ile kilimani kulisikika mabeleshi. Msagaji alizigeuza tofali zake, akatimua mijusi, akapandisha kuta tatu kwa siku nne. Watu thelathini na tisa walishukuru, na baadhi yao, wakishamaliza kushukuru, walinong'ona kwamba kuna ndugu wa kuzaliwa naye ambaye ni afadhali adui. Rula alinong'onewa mpaka kwa kinyozi.

Dada alipewa siku tisini. Nyumba ya kumhamishia ilikuwamo kwenye mpango, imeandikwa vizuri kabisa, awamu ya pili. Awamu ya pili ya kuhamisha watu, si ile ya nyaya. Kila kitu kina awamu yake ya pili. Kwa hiyo siku ya tisini, Jumanne asubuhi, dada alivitoa vitambaa ukutani kimoja kimoja, akavifunga kwenye mfuko, akapakia cherehani, akashuka kwa mdogo wake. Nyuma yake, kilimani, magari makubwa yalikuwa yakipandisha panga la kwanza la feni, refu kuliko mtaa.

Rula aliomba ruhusa stoo, akarudi nyumbani mapema. Alitaka kumpokea kwa heshima. Aliingia moja kwa moja jikoni kwa mlango wa uani, akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, akavipeleka sebuleni.

Dada alikuwa amepiga magoti sakafuni na wembe, akichonga chaki. Aliichonga mpaka ikawa na makali, akaipuliza, kisha akachora mstari kutoka chini ya dirisha mpaka ukuta wa pili. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Upande mmoja kulikuwa na cherehani, godoro na mfuko wa vitambaa. Upande wa pili alisimama Rula.

"Mstari unachorwa hivi," dada alisema bila kugeuka. "Huku kwangu, huko kwako. Hakuna mtu wa katikati."

Rula akautazama mstari, akautazama mlango wa chumba chake cha kulala.

"Dada, mlango wangu uko upande wako."

"Nimeuona. Ukitaka kupita utaomba kibali."

"Kwa nani?"

"Kwangu. Dirisha linafunguliwa Jumatatu."

"Leo ni Jumanne, Dada."

"Hata mimi najua," dada alisema, akaketi, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kukanyaga cherehani. Rula alibaki pale amesimama na vikombe viwili mkononi, chai ikipoa.